Kitabu Alichosomewa Dada Zena

Nimeona wivu mahali pengi katika umri wangu, lakini makaburini ilikuwa mara yangu ya kwanza. Tulikuwa Maneromango, tunamzika mwalimu Salome, na kila kitu kilikwenda kama inavyotakiwa mpaka aliposimama bwana mmoja mwenye suti, mwanafunzi wake wa zamani, akaanza kumsifu marehemu. Akasema mwalimu alikuwa mpole. Sawa. Akasema alikuwa mkali wa hesabu. Sawa. Kisha akasema, huku anatabasamu na machozi yanamtoka, kwamba kila Ijumaa mwalimu aliliambia darasa liweke kalamu chini, akawasimulia habari za Dilnaza, binti wa muuza farasi, yule mwenye miguu mikubwa. Nyuma yangu watu wawili watatu wakacheka kwa kumkumbuka. Kumbe nao walimjua! Nilisimama pale na kanga yangu ya msiba, bibi wa wajukuu na vitukuu, nikajiona kama mtu aliyeibiwa. Darasa zima! Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikijua kwamba Dilnaza ni wangu.

Wenzangu mliozaliwa wakati wa Mwingereza mtanielewa, kwa sababu mnakumbuka vitabu vilivyokuwa adimu. Nyumbani kwetu kulikuwa na msahafu wa baba, umefungwa kitambaa na kuwekwa juu mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, basi. Wajukuu zangu leo wana riwaya za mapenzi za zama za kale ndani ya simu, binti mfalme huyu amekataa mume, yule amechomoa upanga, na mmoja wao hupenda kuniambia, "Bibi, hizi huwezi kuzielewa." Namwacha aseme. Mimi nilimpenda mwanamke wa namna hiyo kabla mama yake hajazaliwa, tena nilimpendea nyuma ya ukuta wa udongo, fimbo ya kufukuzia kuku mkononi, na kijiba cha roho kilichokaribia kuniua.

Tulikaa kijiji cha jirani na Maneromango, upande wa kuelekea Kisarawe. Vita ya Hitla ilikuwa imekwisha lakini nguo bado zilikuwa za shida, na mimi na dada yangu Zena tulilala mkeka mmoja tukijifunika kanga moja. Zena ndiye aliyenilea zaidi, kwa kuwa mama alikuwa shambani muda mwingi. Alinisuka nywele, alinimenyea miwa kwa meno yake, na watoto waliponiita Miguu Bata aliwafukuza kwa mawe. Maana nilizaliwa na miguu mikubwa isiyolingana na mwili, na sauti ambayo baba alisema inafaa kumwitia mtu aliyeko Kisarawe bila kutoka uani. Zena alikuwa mzuri. Hata akinuna watu walimtazama. Kwa hilo sikumwonea wivu kabisa, kwani uzuri wake niliuhesabu kuwa mali ya nyumbani, kama minazi yetu.

Asubuhi moja niliamka peke yangu mkekani. Dada alikuwa amehamishiwa chumba cha ndani, na mlangoni pametundikwa mkeka. Wanawake walinong'ona kwamba Zena kavunja ungo, nikaenda jikoni kukagua nyungo zetu zote, nikazikuta nzima, nikaona anasingiziwa. Ndipo mama akaniambia dada yako sasa ni mwali, na mwali haonwi na mwanamume, hapigwi na jua wala hapazi sauti, mpaka siku ya kumtoa. Angekaa humo akisuka ukili wa mikeka, akijipaka mafuta ya nyonyo na kumtunza mwana hiti, yule mtoto wa mti anayekabidhiwa mwali ili ampake mafuta na kumbeba kama wa kumzaa. Msimamizi wake alikuwa shangazi Mwamtoro, dada yake baba. Harufu ya nyonyo ilikuwa ikipenya kwenye ule mkeka wa mlangoni, na mimi nilikuwa nakaa karibu ili niivute, maana ndiyo iliyokuwa imebaki ya dada. Nilimwomba shangazi niingie japo kusalimu.

"Wewe?" akasema. "Mdomo wako kama debe tupu. Utakayoyaona humu, jua halijazama yako kisimani."

"Sitasema, shangazi."

"Hata hilo umelisema kwa kelele. Hebu toka hapo mlangoni."

Ningevumilia kama wote tungezuiwa sawasawa. Lakini kulikuwa na Salome. Huyu alikuwa binti wa mwalimu wa misheni ya Kilutheri, amemzidi Zena umri kidogo, na mama yake alikuwa ndugu wa mama yetu. Kwetu jambo hilo halikumshangaza mtu, Mwislamu na Mkristo walikuwa wa ukoo mmoja na walizikana. Salome naye alikuwa amekaa ndani kwa kadiri kanisa lao lilivyoruhusu, akatolewa, kwa hiyo shangazi alimhesabu kuwa mtu mzima. Alijua kusoma, alivaa gauni, na alasiri nyingi alikuja kutoka Maneromango kwa miguu, akabisha hodi kwa adabu, "Shikamoo shangazi," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu, pita, pita," akainua ule mkeka na kuingia kwa dada yangu kana kwamba anaingia jikoni kwao. Na mimi nimesimama palepale! Nilimchukia Salome toka utosini hadi kwenye hiyo miguu yangu. Nilichukia gauni lake, nilichukia adabu zake. Kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kitambaa, na siku ya kwanza nilidhani ni chakula, nikamwonea wivu kwa hicho pia.

Chumba cha ndani kilipakana na uwanja wa nyuma tulipoanika mpunga, na kazi yangu ya alasiri ilikuwa kukaa pale na fimbo kuzuia kuku. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, jua limeupasua. Siku ya pili ya ujio wa Salome niliegemea hapo nimenuna, nikasikia sauti yake ndani. Hakuwa ananong'ona kama ilivyopasa chumbani kwa mwali. Alikuwa anasoma, sauti inapanda na kushuka, kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho kijijini kwetu hakuna aliyekisema. "Ee baba yangu," alisoma, "hata farasi unamwacha anuse kwanza mkono wa mnunuzi. Mbona mimi hukuniacha ninuse?" Nikabandika sikio kwenye ufa. Sikuwa nimewahi kumsikia mtoto wa kike akimwuliza baba yake swali ambalo halina jibu.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Uajemi, zama za masultani na misafara ya ngamia. Jalada la kitabu lilikuwa limeliwa na mchwa, na hata leo sijui kiliitwaje wala nani alikiandika. Salome alipewa na mjomba wake aliyekuwa mpishi Dar es Salaam. Humo ndani alikuwemo Dilnaza, binti wa muuza farasi, na mimi nilitegemea awe mzuri, kwa kuwa mabinti wote wa hadithi za bibi yetu walikuwa na shingo ndefu na ngozi laini. Salome akasoma kwamba pua ya Dilnaza ilikuwa imepinda kwa teke la farasi. Kwamba sauti yake ilisikika toka mwanzo wa soko hadi mwisho. Kwamba fundi viatu wa mji ule alimpima kwa kipimo cha wanaume, kwa vile kipimo cha wanawake hakikufika hata kwenye vidole vyake. Niliitazama miguu yangu, nimeinyoosha pale kwenye makapi. Kuku walikula mpunga siku ile mpaka wakachoka wenyewe.

Sijui kama mmewahi kupatwa na jambo hilo, kwamba mtu asiyekujua, wa nchi usiyoijua, amekaa akaandika, na alichokiandika ni wewe. Si kwamba mimi nilikuwa na farasi. Farasi sikuwahi kumwona, nilimwaza kama punda aliyelishwa vizuri. Lakini yale mambo ambayo kwangu yalikuwa aibu, kwake yalikuwa ndiyo hadithi. Liwali wa mji alimtaka kwa mwanawe kwa tamaa ya farasi wa baba yake, Dilnaza akakataa. Alipolazimishwa alivaa nguo za kiume, akampakia nyuma ya farasi mwandani wake mmoja waliyenyonya naye ziwa moja, wakatoroka, na miguu ile ikajaa vizuri kwenye viatu vya askari. Alijiunga na msafara. Huko alikutana na Kasimu, mchimba visima, mtu mpole ambaye alikuwa akiona haya kumtazama usoni. Kisima kilipomfukia Kasimu, wanaume walisimama wakilia na kusali, na Dilnaza akazungusha kamba kiunoni, akakanyaga ardhi kwa miguu yake mikubwa isiyoteleza, akamvuta mpaka juu. Kisha akamwambia: "Nimekutoa. Sasa sema, utanioa, au niendelee na safari yangu?"

Hapo Salome mwenyewe alicheka, akairudia ile sentensi mara ya pili. Nilijiziba mdomo kwa kanga. Nilitaka kuishi humo.

Sasa niwaambie kosa langu, na ni kosa ambalo mtoto wa kwingine asingeweza kulifanya. Majirani waliposikia ile sauti ndani walimwuliza shangazi kulikoni, mbona chumba cha mwali kina kelele. Shangazi, ambaye naye alikuwa amenogewa akisuka ukili wake pembeni, akajibu bila kupepesa macho: "Mwali anafundwa." Wakaridhika. Nami nikaamini. Nilijua mwali hufundwa mambo ya siri ya kumfaa atakapotoka, ila sikujua mambo gani. Basi nikaona ndiyo haya. Kila msichana akiingia ndani huletewa kitabu, anafundishwa namna ya kukataa mume, kuvaa viatu vya askari na kuvuta kamba. Niliwatazama wanawake wazima wa kijijini, mama yangu akiwemo, nikawaza kwamba wote wamesoma lakini wamekuwa wavivu.

Lakini aliyesomewa hakuwa mimi, na hilo ndilo lililoniungua. Zena mwenye uso ule, Zena mwenye miguu midogo kama ya njiwa, ndiye aliyewekewa Dilnaza mbele yake kama sahani. Siku moja nilimsikia shangazi ndani akisema, "Amka, Dilnaza, unywe uji," na watu wote wawili, yeye na Salome, wakacheka. Nilinyanyuka nikapiga fimbo chini mpaka ikavunjika. Dilnaza gani huyo? Pua yake imepinda wapi? Nani katika nyumba hii anaambiwa kila siku ashushe sauti? Nilimwonea Zena wivu kwa ajili ya Dilnaza, nikamwonea Salome wivu kwa ajili ya Zena, na jioni nikilala peke yangu kwenye mkeka wetu sikujua nianze kulia kwa ajili ya nani.

Salome alipotoka alikuwa akipitia uani kwa makusudi. Alinikuta nimekaa, kuku wamevimba vifua.

"Hujambo, mdogo wangu? Naona kuku wamekula vizuri leo."

Niliinama nikachezea makapi.

"Kesho tunafika kwa kadhi," akasema, akaniangalia kidogo kana kwamba kuna kitu anangoja. "Askari wa liwali wamemkamata, hivyo kesho anasimama mbele ya kadhi."

Nilimgeuzia mgongo. Nilidhani ananiringia, kama mtu anayepita na nyama choma mbele ya mwenye njaa. Na hiyo kesho, kwa bahati yangu mbaya, mama alinichukua Kisarawe kumpeleka mdogo wetu hospitali, tukashinda huko. Niliporudi ukutani siku iliyofuata, nilikuta mkutano wa kadhi umepita, Dilnaza yuko huru, amekwisha olewa na Kasimu. Aliponyokaje? Alimwambia kadhi nini? Hakuna aliyejua isipokuwa waliokuwa chumbani, na chumbani sikuingia. Hakuna njaa iliyowahi kunitesa kama ile.

Baada ya mpunga kuvunwa mara nyingine ikajulikana kwamba mwali anatolewa, na kwamba siku zilezile ataolewa. Mwanamume alikuwa Musa, jamaa ya wajomba zetu, kijana wa Misugusugu kule Kibaha, mwenye shamba na kiduka kando ya njia. Alikuwa na baiskeli. Wazee walikwisha kubaliana na Bwana Musa, hakuna aliyemuuliza Zena, na mimi nikatulia kabisa, kwa sababu nilijua kitakachotokea. Nilikuwa mtu pekee nje ya chumba kile aliyejua. Zena angetolewa mbele za watu, angesimama, angesema maneno ya Dilnaza kuhusu farasi na mkono wa mnunuzi, kisha angetoroka kwa baiskeli hiyohiyo ya Musa. Swali langu lilikuwa moja tu. Dilnaza alimchukua mwandani mmoja. Nyuma ya baiskeli kuna kiti kimoja. Zena angenichukua mimi, au angemchukua Salome?

Siku ya sherehe ngoma zilipigwa toka asubuhi. Nilifunga kanga yangu ya pili na mihogo ya kuchemsha, nikaenda kusimama kwenye ua, pale baiskeli ya Bwana Musa ilipoegemezwa, nikashika kiti cha nyuma kwa mikono miwili. Haukupita muda, Salome naye akaja kusimama hapohapo, kivulini, na gauni lake jeupe.

"Na hicho kifurushi, unakwenda wapi mdogo wangu?" akaniuliza.

"Unajua."

"Sijui, haki ya Mungu."

"Kiti ni cha mtu mmoja," nikamwambia. "Na mimi ndiye ndugu yake."

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akaangalia kifurushi changu. Polepole nikaona anaelewa. Alijiziba mdomo, mabega yakamtikisika, nikadhani anacheka, lakini aliponyanyua uso hakuwa anacheka. Akainama karibu na sikio langu.

"Zena hatakimbia," akasema. "Mtazame vizuri."

Walikuwa wanamtoa. Shangazi alikuwa amembeba mabegani, wanawake wanapiga vigelegele, na dada yangu yuko juu, anang'aa kwa mafuta na shanga, ngozi imekuwa ya maji ya kunde kwa kukaa gizani, macho chini kama inavyompasa mwali. Nilimngoja anyanyue uso aseme. Walimzungusha mara ya kwanza. Walimzungusha tena, wakapita mbele ya wageni wa Misugusugu, na nikaona alivyofanya. Aliyaiba macho yake upande mmoja, akamwangalia Musa, akayarudisha chini haraka, na pembe ya mdomo wake ikacheka. Alikuwa anamtaka. Dada yangu, aliyefundwa kitabu kizima, alikuwa anamtaka mume aliyeletwa na wazee, na miguu yake midogo ilikuwa ikichezacheza juu ya kifua cha shangazi kwa furaha. Niliiachia baiskeli. Nilikula mihogo yangu yote nyuma ya jiko, kwa hasira, nikikataa kumpa mtu yeyote.

Jioni hiyo mama alinitafuta akaniambia nijitayarishe, Zena ameomba nimsindikize kwa mumewe nikakae naye siku za kwanza. Desturi iliruhusu bibi harusi apelekwe na mdogo wake wa kumsaidia kazi, na angeweza kumchukua yeyote katika ukoo. Alinitaja mimi. Mngedhani ningeruka kwa furaha. Niliwaza tu kwamba hatimaye nitamuuliza habari za kadhi.

Tulikwenda kwa miguu hadi Kisarawe, halafu kwa lori. Misugusugu wakati ule ilikuwa nyumba chache na mashamba, na vumbi la barabara likituingia mpaka ndani ya sufuria. Siku kadhaa nilimvizia dada. Mama mkwe alikuwa karibu sikuzote, na Zena alikuwa na wasiwasi, wali wake wa kwanza uliungua na hakuna aliyesema neno, jambo lililomuumiza kuliko kama wangemgombeza. Asubuhi moja mama mkwe alikwenda shamba na tukabaki wawili barazani, yeye anapeta mchele, mimi nakuna nazi.

"Dada," nikasema, "kadhi alimwambiaje Dilnaza?"

"Kadhi gani?"

"Wa kile kitabu. Siku ile tulipokwenda Kisarawe."

"Mie sijui."

"Niambie tu. Hata mie nitawekwa ndani siku moja, nitafundwa."

Aliuweka ungo chini. "Nani kakwambia kile kitabu ni cha kufundwa? Shangazi alisema vile ili watu wasimsumbue. Kufundwa ni mambo mengine, wala hayana farasi." Akaokota punje ya mpunga, akaitupa. "Na mie sijui kadhi alisemaje kwa sababu nilikuwa nimelala. Nililala takriban kitabu chote."

Nilidhani ananitania. Mtu analalaje?

"Siku ya kwanza Salome alinisomea mie," akasema. "Siku ya pili akasikia mtu anahema ukutani. Akaniuliza, nani yule? Nikamwambia mdogo wangu, analinda mpunga. Basi. Akageuka, akanipa mgongo, akasogeza uso kwenye ufa, na tangu hapo akawa anasoma kuelekea huko. Nikimwambia kwa kunong'ona, Salome, kiache kidogo tuzungumze, ananijibu, ngoja, mtoto atakosa hapa. Siku ile ulipokuwa Kisarawe alitaka hata kukifunga asisome, shangazi ndiye aliyemlazimisha. Alikuwa anakusomea weye."

Mkono wangu ulisimama kwenye nazi. Ningependa kuwaambia kwamba kwanza nilimhurumia dada yangu, lakini kwanza nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka. Kadhi, kisima, kamba, ile sentensi iliyorudiwa mara mbili, vyote vilikuwa vyangu, na nilikuwa nimempa mgongo mtu aliyenipa. Niliponyanyua uso nikaona Zena anaangalia kando ya njia, na kidevu kinamtetemeka.

"Nilisikiliza kidogo mwanzoni," akasema. "Sikumpenda. Kila mwanamke wa maana humo anamkimbia mume. Mie nilimwona Musa siku moja kwa wajomba, nikamtaka, nikanyamaza kwa kuwa hakuna anayeniuliza. Kitabu kizima hakuna mtu kama mie." Kisha akasema, "Na nilikuwa na wivu. Nilikuwa nimezoea kulala na hiyo miguu yako imenisukuma ukutani. Mle ndani nikisikia unahema nikawaza, huyo kaja kwangu. Kumbe kaja kwa Salome, na kwa huyo mwanamke wenu. Nikawa nageuka nalala."

"Mie nilikuwa nakuonea wivu weye, dada."

"Wivu wa nini? Nyie mlikuwa wawili. Mie ndiye niliyekuwa ndani."

Nikarudi kukuna nazi. Alichukua ungo tena, akapeta, akapuliza makapi. Baadaye sana, bila kunitazama, akasema, "Haya, nisimulie na mie. Huyo mchimba visima walimtoa?"

Nikamsimulia. Nilianza na farasi na mkono wa mnunuzi, nikaenda hadi kisimani, na nikaigiza namna ya kukanyaga ardhi, hapo barazani, mpaka akacheka. Kwa kadhi nilipita upesi. Nikamwambia wakaoana, wakajenga nyumba kando ya kisima kilekile, mwisho.

"Siku ya kwanza kwake, alipika nini?" Zena akauliza.

Kitabuni hakukuwa na chakula hata kimoja. Dilnaza wangu hakuwahi kushika mwiko toka ukurasa wa kwanza, na hilo lilikuwa mojawapo ya mambo niliyompendea. Nilimwangalia dada, anangoja, ungo umesimama hewani.

"Wali wa nazi na kunde," nikasema.

"Ukaungua?"

"Ukaungua," nikasema, ingawa roho iliniuma kumtia Dilnaza jikoni. "Na Kasimu akaula wote, akaomba ukoko."